Maisha na Kifo cha Nahodha Charles Fryatt



Katika toleo hili hatuleti habari za askofu wala za mmisionari. Tunaleta habari za baharia mmoja wa meli za biashara, Mwingereza, jina lake Charles Algernon Fryatt, aliyeuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1916. Hakuwa askari. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu na mizigo kutoka bandari moja hata nyingine, kama dereva wa basi afanyavyo kazi yake barabarani. Hata hivyo, ibada ya mazishi yake ilifanywa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, kanisa ambamo wamezikwa wakuu wa vita kama Nelson na Wellington. Ilikuwaje baharia wa kawaida akapewa heshima hiyo? Na kwa nini aliuawa mtu ambaye hakuua mtu?

Vita ile ya mwaka 1914 hadi 1918 haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Huku Afrika ya Mashariki ilichukua maelfu kwa maelfu ya wapagazi, na jina la Kariakoo hapo Dar es Salaam latukumbusha kikosi chao hata leo. Wapagazi wale hawakushika bunduki, lakini walikufa vitani. Kule baharini nako walikuwako watu wa namna hiyo, watu wa kazi tu, wasio na silaha, ambao vita iliwakuta kazini mwao. Nahodha Fryatt alikuwa mmoja wao.

UTOTO NA KAZI

Charles Fryatt alizaliwa mjini Southampton, kusini mwa Uingereza, tarehe 2 Desemba, 1872. Baba yake naye alikuwa baharia. Charles alipokuwa angali mtoto, jamaa yao ilihamia Harwich, bandari ya pwani ya mashariki, inayotazamana na Uholanzi ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Huko baba yake alifanya kazi katika meli za kampuni ya reli iitwayo Great Eastern Railway. Kampuni ya reli kuwa na meli si jambo la ajabu. Reli ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na meli zake katika Ziwa Victoria, na wengi wetu tulisafiri nazo.

Kijana Charles alimfuata baba yake baharini. Mwaka 1892 aliingia katika kampuni ile ile, akaanza kama baharia wa kawaida katika meli iitwayo Ipswich. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, mwaka hata mwaka, mpaka akawa nahodha. Alimwoa Ethel Townend, wakajaliwa watoto saba, wasichana sita na mvulana mmoja. Nyumba yao ilikuwa Dovercourt, karibu kabisa na Harwich. Kazi yake ilikuwa kwenda na kurudi njia ile ile, kutoka Harwich hata bandari za Uholanzi, kisha kurudi tena. Lau kama vita isingalitokea, yaelekea angalistaafu katika kazi hiyo, na sisi tusingalipata kulisikia jina lake.

HATARI YA CHINI YA MAJI

Vita ilipoanza Agosti 1914, Uholanzi haikuingia. Kwa hiyo meli za Harwich ziliendelea kwenda huko, zikileta vyakula, barua, abiria, na wakimbizi wa Kibelgiji ambao nchi yao ilikuwa imetekwa na Wajerumani. Lakini mwezi wa Februari 1915 serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba bahari yote iliyoizunguka Uingereza ni uwanja wa vita, na kwamba meli za biashara zitakazoonekana humo zitazamishwa. Silaha yao kuu ilikuwa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji.

Serikali ya Uingereza nayo ikatoa amri kwa manahodha wake wote. Iliwaambia wasikubali kusalimu amri kwa urahisi. Nyambizi ikitokea nyuma, wakimbie kwa nguvu zote. Ikitokea mbele yao kwa nia mbaya, waielekezee meli moja kwa moja ili ilazimike kuzama chini na kuwapisha. Ndugu msomaji, iweke amri hii moyoni, maana ndiyo iliyomfikisha Fryatt penye kifo chake.

Haukupita muda, na Fryatt akajaribiwa. Mwanzoni mwa Machi 1915 alikuwa nahodha wa meli iitwayo Wrexham, nyambizi ikamfukuza. Alikimbia mwendo wa maili 40 za bahari. Mabaharia wa juu waliteremka kuwasaidia watia makaa, na meli ambayo kwa kawaida ilikwenda maili 14 kwa saa ikafikisha maili 16. Waliingia Rotterdam salama, dohani za meli zikiwa zimeungua kwa moto mkali. Kampuni yake ilifurahi, ikampa zawadi ya saa ya dhahabu.

TAREHE 28 MACHI, 1915

Wiki chache baadaye, tarehe 28 Machi, Fryatt alikuwa katika meli nyingine ya kampuni, iitwayo Brussels. Ilikuwa meli ya tani 1,380, iliyoundwa Dundee, Scotland, mwaka 1902. Haikuwa na mzinga hata mmoja. Walipokuwa wakikaribia pwani ya Uholanzi, nyambizi ya Kijerumani, namba yake U-33, ilitokea juu ya maji, ikamwamuru asimame.

Hapo nahodha hana muda wa kuita mkutano. Akisimama, meli yake itazamishwa, na watu wake watapanda mashua katika bahari baridi wakitumaini kuokotwa. Akigeuka kukimbia, ubavu wa meli utakuwa shabaha kubwa ya kombora. Fryatt alichagua njia ya tatu, ile aliyokuwa ameamriwa. Aliagiza injini zipewe mvuke wote, akauelekeza usukani kwa nyambizi yenyewe. U-33 ikalazimika kuzama haraka chini ya maji, na Brussels ikapita, ikaendelea na safari yake hata bandarini.

Tukumbuke vema jambo moja. Siku hiyo hakufa mtu. Nyambizi haikuvunjika. Iliendelea kufanya kazi vitani hata mwisho, na Wajerumani waliisalimisha kwa Waingereza mwaka 1919.

Huko Uingereza tendo lake lilisifiwa sana. Lilitajwa Bungeni, magazeti yakaliandika, na wakuu wa jeshi la wanamaji wakampa saa ya pili ya dhahabu. Juu ya saa hiyo yalichongwa jina lake, jina la meli yake, tarehe ya tukio, na maneno ya kumshukuru kwa mfano aliouonyesha aliposhambuliwa na nyambizi. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtoto wa baharia. Lakini walioichonga walikuwa ofisini London, naye aliyepewa alikuwa na safari ya kuvuka tena juma lile lile, na juma lililofuata, na lililofuata. Adui naye husoma magazeti.

KUKAMATWA

Fryatt aliendelea na kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alivuka na kurudi katika bahari ile ile, mbele ya pwani ya Ubelgiji iliyokuwa mikononi mwa adui, hali jina lake likijulikana. Katika Juni 1916 Brussels iliondoka Hook of Holland usiku kurudi Harwich, ikiwa na wakimbizi ndani yake. Manowari za Kijerumani, zenye mwendo mkali kuliko meli yoyote ya abiria, zilikuwa zikiingoja njiani, zikaizingira.

Safari hii hapakuwa na njia ya kukimbia wala ya kupigana. Abiria waliambiwa wajiweke tayari kuingia katika mashua, karatasi za siri zikaharibiwa, na chombo cha simu ya upepo kikavunjwa. Kisha meli ikapelekwa Zeebrugge, na kutoka hapo Bruges, mji wa Ubelgiji ulio karibu na pwani. Mabaharia walipelekwa Ruhleben karibu na Berlin, kambi walimofungiwa raia wa Kiingereza. Fryatt naye alipelekwa huko. Ingalikuwa hivyo tu, angalikaa kizuizini hata vita iishe, akarudi kwa mkewe na wanawe.

Lakini saa yake ya dhahabu ilikuwa imeonekana. Maneno yaliyochongwa kwa kumsifu yalieleza wazi kwamba yeye ndiye aliyeielekea nyambizi tarehe 28 Machi. Fryatt alirudishwa Bruges kushtakiwa.

HUKUMU YA SIKU MOJA

Tarehe 27 Julai, 1916, alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi katika jumba la baraza la mji wa Bruges. Shtaka lilikuwa hili: kwamba yeye, asiye askari, alijaribu kuiangamiza nyambizi ya jeshi. Kwa sheria ya Kijerumani, raia apiganaye pasipo kuwa katika jeshi hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita. Huhesabiwa kuwa mhalifu, na adhabu yake ni kifo.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imeuomba ubalozi wa Marekani mjini Berlin, kwa kuwa Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, umpatie mshtakiwa msaada wa kisheria. Ombi hilo halikuizuia kesi. Asubuhi alikuwa mshtakiwa, mchana akahukumiwa, na siku hiyo hiyo saa moja jioni akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 43. Tangazo la kifo chake lilibandikwa kwa lugha tatu, Kijerumani, Kifaransa na Kiholanzi, likiwa na jina la Amiri Ludwig von Schröder, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Kijerumani katika pwani ile. Mwili wake ulizikwa katika makaburi madogo nje ya mji wa Bruges.

Je, hukumu ile ilikuwa ya haki? Yafaa tuwasikilize wa pande zote mbili. Wajerumani walisema kwamba nyambizi ni chombo chepesi, ambacho meli ya kawaida yaweza kukivunja kwa kukigonga. Basi ikiwa kila meli ya abiria itaielekea nyambizi inayotokea juu kutoa amri, nyambizi haitaweza tena kutoa onyo kabla ya kupiga. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini upande wa pili, desturi ya baharini ilikuwa ya tangu zamani, kwamba meli ya biashara inayotaka kukamatwa ina haki ya kukimbia au kujitetea, na watu wake wakishindwa huwa wafungwa, hawauawi. Tena Fryatt hakubuni jambo lake mwenyewe. Aliifuata amri ya serikali yake. Waliotoa amri hawakuwa kizimbani. Aliyekuwa kizimbani ni yule aliyeitii.

Vita ilipokwisha, tume ya Wajerumani wenyewe iliichunguza kesi hiyo mwaka 1919. Ilisema hukumu haikuvunja sheria, lakini ilisikitika kwamba ilitekelezwa kwa haraka mno. Hayo nayo ni maneno ya kukumbukwa. Haki inayokimbizwa hata mtu asipate siku moja ya kukata rufani, ni vigumu kuiita haki.

HASIRA NA MACHOZI

Habari za kifo chake zilipofika Uingereza, watu waliwaka hasira. Waziri Mkuu Asquith alisimama Bungeni akalilaani tendo hilo. Miezi tisa tu kabla yake, Oktoba 1915, Wajerumani walikuwa wamempiga risasi Edith Cavell, muuguzi wa Kiingereza, binti ya kasisi, aliyewaficha askari na kuwatorosha kutoka Ubelgiji. Majina hayo mawili yakaunganishwa, na picha zao zikatumiwa kuwaita vijana wajiandikishe jeshini. Ndivyo vita ifanyavyo: hata machozi ya mjane hugeuzwa kuni za kuuchochea moto.

Kule Dovercourt walikuwako Ethel na watoto saba. Kampuni ya reli ilimpa mjane huyo pauni 250 kwa mwaka, na serikali ikaongeza pauni 100. Ulikuwa msaada wa maana kwa siku zile. Lakini kila mama mwenye watoto wasio na baba ajua kwamba fedha haiketi mezani wakati wa chakula cha jioni.

Meli ya Brussels nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Wajerumani waliitumia huko Zeebrugge, na walipokuwa wakiondoka Oktoba 1918 waliizamisha wenyewe. Baadaye iliinuliwa, ikarudishwa Uingereza, ikauzwa na kupewa jina la Lady Brussels. Ilifanya kazi tena hata ikavunjwa mwaka 1929.

KURUDI NYUMBANI

Mwezi wa Julai 1919, miaka mitatu baada ya kifo chake, mwili wa Nahodha Fryatt ulifukuliwa, ukaletwa Dover kwa manowari ya Kiingereza. Kutoka Dover uliwekwa katika behewa la mizigo la reli. Behewa hilo hilo ndilo lililombeba Edith Cavell mwezi wa Mei mwaka ule. Na Novemba 1920 lilimbeba askari yule asiyejulikana jina, aliyezikwa katika Westminster Abbey kwa niaba ya wote waliopotea. Behewa hilo limetunzwa hata leo.

Tarehe 8 Julai, 1919, ibada ilifanywa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Walihudhuria wakubwa wa serikali na wa jeshi la wanamaji, lakini walihudhuria pia mamia ya mabaharia wa meli za biashara, pamoja na wajane wa mabaharia na wa wavuvi waliokufa vitani. Kwa wajane wale, ibada hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wengi wao hawakuwa na jeneza la kulilia wala kaburi la kuwekea maua. Baadaye jeneza lilipelekwa kwa treni mpaka Dovercourt, likazikwa katika uwanja wa Kanisa la Watakatifu Wote. Baharia alirudi kwa jirani zake. Mfalme wa Wabelgiji alikuwa amemtunuku nishani ya Leopold baada ya kufa kwake, na katika kituo cha reli cha Liverpool Street, London, limewekwa jiwe la kumkumbusha.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu zangu, ni rahisi kuifunga habari hii kwa kusema kwamba Fryatt alikuwa shujaa na waliomwua walikuwa wabaya. Lakini tusiharakishe.

Kwanza, tuwakumbuke watu waliokuwa ndani ya U-33. Nao walikuwa mabaharia, wana wa wanawake fulani, waliofungiwa ndani ya chuma. Kama Brussels ingaliwagonga, wangalizama wote. Fryatt aliwaelekezea meli kwa sababu nyuma yake walikuwako watu wake mwenyewe, ambao alipewa wajibu wa kuwafikisha. Kila upande ulikuwa na hofu yake. Vita huwaweka watu wa kazi moja wasiojuana mahali ambapo usalama wa huyu ni kifo cha yule.

Pili, tuangalie sifa tunazowapa watu. Saa ile ilitolewa kwa nia njema, ikageuka shahidi wa mashtaka. Sisi pia twapenda kumpigia makofi mtu aliyethubutu, kisha twarudi nyumbani kulala, na yeye twamwacha abebe matokeo peke yake. Ikiwa tunamsifu mtu kwa hatari aliyoichukua kwa ajili yetu, basi na tuwe tayari kumlinda, na kuwatunza watoto wake.

Tatu, ushujaa wake haukuwa wa ile dakika moja tu tarehe 28 Machi. Tena labda dakika ile ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi, maana hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Ushujaa mkubwa ulikuwa ule wa kila juma baada ya hapo. Alitoka nyumbani, akawaaga mke na watoto, akavuka tena bahari ile ile akijua kwamba anajulikana. Hakwenda kutafuta vita. Alikwenda kuchukua abiria.

London, mahali paitwapo Tower Hill, pana ukumbusho wa mabaharia wa meli za biashara wa vita ile. Yameandikwa humo majina karibu 12,000, ya watu ambao hawana kaburi ila bahari. Jina la Fryatt linajulikana kwa sababu kifo chake kilikuwa na mahakama, na tangazo, na hasira ya taifa zima. Wale wengine walikuwa watia makaa, wapishi, vijana wa kufagia sitaha, na wengi wao walikufa gizani pasipo mtu kuona. Nao walikuwa na nyumba zao, na watu waliowangoja.

Basi tunapowaombea wasafiri na wafanyao kazi majini, wa bahari na wa maziwa yetu, tusiyapitie maneno hayo upesi. Kila meli inayofika salama bandarini, yupo mtu aliyekesha usiku kucha akiishika njia yake, ili wengine walale.